Mwalimu Mkuu Aliyehesabu Sare Zilizoanikwa

Namshukuru Mungu aliye hai, aliyenipa miaka mingi kuliko niliyoomba, na katika miaka hiyo akaniweka karibu na watu walionizidi akili bila wao kunifukuza. Sifa zote zimrudie yeye. Mmoja wa watu hao nitamwita Mwalimu Mkuu, kwa sababu ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, hata wale ambao hawakuwahi kumpelekea mtoto. Sitasema alizaliwa wapi wala wazazi wake walikuwa nani. Mwenyewe hakupenda maswali hayo, na aliyemuuliza aliulizwa papo hapo mtoto wake anasoma wapi.

Tulijuana kwa sababu ya kiti. Shule yetu ya umma hapa mjini Machakos ilianzishwa na kanisa, na mpaka leo kanisa hupewa nafasi katika bodi ya shule. Wazee wenzangu walinichagua mimi, karani mstaafu, nikaliwakilishe. Kazi yangu hasa ilikuwa kuufungua mkutano kwa maombi na kuufunga kwa maombi. Katikati nilikunywa chai. Nilifanya hivyo kwa uaminifu miaka yote aliyokuwa pale, na kama kuna mahali nilipozembea, ni hapo katikati.

Maombi yangu yalikuwa marefu. Katika mkutano wangu wa kwanza niliwaombea wanafunzi, walimu, wazazi, kaunti, mvua ya Novemba na wagonjwa wote wa hospitali. Nilipofika kwa wajane nikasikia sauti ya chini kutoka upande wa pili wa meza.

"Mungu ameshasikia, Mzee. Tuanze na ajenda."

Wajumbe wakaitikia amina kwa haraka ambayo sijawahi kuisikia kanisani.

Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa mtu anayewahi duka kabla halijafungwa. Siku za kazi alivaa suti ya kijivu na viatu vyeusi. Jumamosi alivaa raba. Jumapili alikaa safu ya tatu kutoka mbele na kulala usingizi wakati wa mahubiri, waziwazi, kichwa kimeinama upande. Niliwahi kumkumbusha kwa upole kuwa watu wanamwona. Akanisimulia mahubiri ya siku ile tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na mahali ambapo mhubiri alikuwa amejirudia. Sikumkumbusha tena.

Kwa walimu wake alikuwa mkali kama pilipili. Mwalimu aliyechelewa dakika tano alimkuta darasani kwake akiwa ameshaanza somo, na hakumpa chaki mpaka kengele ilipolia. Lakini mbele ya wazazi alikuwa mtu mwingine. Angeweza kukaa kwenye kigoda cha mama asiyemjua, akamenya naye mbaazi sinia nzima, akisikiliza habari za ng'ombe aliyekufa Masinga, na asiseme neno la shule mpaka aulizwe. Nilimuuliza kwa nini subira yote anaimalizia kwa wazazi.

"Walimu wananijia wenyewe," akasema. "Wazazi ni lazima niwafuate."

Aliwafuata kweli, na hiyo ndiyo kazi ya zile raba. Jumamosi ni siku ya kufua katika mtaa wetu. Kufika saa nane mchana kila ua una nguo zilizoanikwa, na katikati ya mashuka na suruali kuna sare za shule. Mwalimu Mkuu alipita njia zote za mtaa, juu hadi chini, akihesabu. Sweta za kijani zilikuwa zetu. Zile za rangi ya damu ya mzee zilikuwa za akademi, shule ya kulipia, iliyo kilimani. Za buluu zilikuwa za akademi ya pili, iliyo nyuma ya soko. Aliandika katika daftari dogo la mistari, kisha Jumatatu akalinganisha na rejista. Maafisa walipomletea takwimu zao kuhusu idadi ya watoto katika eneo letu, alizisoma kwa heshima, akaweka kidole kwenye mstari mmojawapo na kuuliza, "Huyu mtoto ana jina?" Hakuna afisa aliyekuwa na jina. Yeye alikuwa na majina mengi.

Kutokana na hizo kamba za nguo alijua habari ambazo sisi wakazi wa zamani hatukuzijua. Karibu na barabara ya mahakama, nyumba zilizokuwa zikitoa watoto watano watano zilikuwa zimegeuka ofisi na hosteli za wanafunzi wa chuo. Huko zilianikwa jinzi tu. Kwenye ghorofa mpya za kilimani kulikuwa na watoto, lakini walibebwa alfajiri na magari ya akademi. Chini kando ya mto, kwenye vyumba vya kupanga, walihamia watu kutoka Kithyoko na Masinga na kwingineko waliokuja kutafuta kazi. Sare za kijani zilikuwa nyingi kule, ila zilikuwa ndogo ndogo. Watoto walisoma kwetu mpaka Gredi ya Sita, kisha wakatoweka.

Hilo ndilo lililomnyima usingizi, ukiondoa ule wa kanisani. Mtaala mpya ulikuwa umeleta sekondari msingi, yaani Gredi ya Saba hadi ya Tisa, katika viwanja vya shule za msingi. Sisi tulipewa walimu na darasa likapakwa rangi, lakini watoto hawakuja. Mwalimu Mkuu alikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza sababu, akarudi kwenye bodi akicheka, jambo lililokuwa nadra.

"Wanasema hii si sekondari," akatuambia. "Baba mmoja amenishika mkono akaniambia, 'Madam, mimi nilienda sekondari na sanduku la bati. Nililia, mama yangu akalia. Sasa mtoto wangu ataingia geti lile lile aliloingia akiwa na miaka sita, na aniambie ameenda sekondari?'"

Mwenyekiti wetu akasema wazazi waelimishwe. Mimi nikapendekeza siku ya maombi. Mwalimu Mkuu alituandika wote wawili kwenye kumbukumbu za mkutano, kisha akamwita fundi atoboe ua upande wa nyuma.

Akaweka geti la pili. Lilikuwa geti dogo la chuma, la rangi ya kijani, limeandikwa juu SEKONDARI. Mtoto wa Gredi ya Saba aliyekaa ng'ambo tu ya geti la zamani alilazimika sasa kuuzunguka uwanja mzima ili aingie darasa lile lile, kwa walimu wale wale. Tulimuuliza faida yake nini.

"Mzazi anataka kuona mtoto ameenda," akasema. "Basi aende."

Nilialikwa kulibariki geti. Nilisimama nje, nikaomba kwa ufupi kwa sababu aliniangalia kabla sijaanza, na Januari iliyofuata watoto waliongezeka. Wengine walipigwa picha getini na jamaa zao. Hatimaye darasa likaonekana kama darasa.

Sasa nifike mahali nisipopapenda.

Ua wangu nao ulikuwa na kamba ya nguo. Mwanangu anafanya kazi kiwandani upande wa Athi River, huondoka asubuhi na kurudi jioni, na yeye na mkewe wanaishi nami. Binti yao, Mutheu, alikuwa katika akademi ya kilimani tangu chekechea. Kila Jumamosi sweta zake mbili za damu ya mzee zilining'inia mbele ya nyumba ya mjumbe wa bodi ya shule ya umma, na kila Jumamosi Mwalimu Mkuu alipita, akasimama, akanisalimu.

"Habari ya nyumbani, Mzee?"

"Nzuri, Mwalimu. Karibu chai."

"Nimeshiba. Nazunguka kidogo tu."

Aliandika katika daftari na kuendelea. Hakuwahi kusema neno. Laiti angesema, ningekuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimeshaandaa majibu matatu, yote mazuri. Mwishowe nikamwambia mke wa mwanangu tusifue tena nyumbani, tumsaidie mama mmoja mjane wa kule mtoni anayefulia watu nguo.

"Baba, mbona sisi tuko na maji ya kutosha?" akashangaa.

"Ni kusaidia," nikasema. Nililiita tendo la huruma, na siku ile nikala chakula changu kwa amani.

Huyo mjane tulimwita Mama Mwende. Jumamosi iliyofuata Mwalimu Mkuu alipita mtoni, akaona kwenye ua wa chumba kimoja sweta tisa za akademi zimeanikwa safu moja. Aliniambia baadaye kuwa moyo ulimruka. Familia yenye watoto tisa wa akademi katika chumba kimoja! Alibisha hodi na kumkuta mwenyewe ana povu mpaka kwenye viwiko.

"Mama, hongera. Watoto wako ni wangapi?"

"Ni mmoja tu, Mwalimu. Hizi ni za watu."

Mama Mwende ndiye aliyenihadithia yaliyofuata, bila kujua ananihadithia nini. Mwalimu Mkuu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaanza kugeuza kola za zile sweta, moja baada ya nyingine, maana akademi ile huwataka wazazi waandike majina ya watoto ndani. Alizisoma zote. Kwenye mbili akakaa kidogo. Halafu akauliza, "Na huyo mmoja wako yuko wapi?"

Mwende alikuwa ndani, akikoroga chungu cha muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa. Alikuwa amemaliza Gredi ya Sita kwetu na kukaa nyumbani muhula mzima, kwa sababu mama yake alikuwa bado anatafuta namna ya kupata sanduku, godoro na shule ya mbali.

"Kwani hiyo yenu hapo ni sekondari ya ukweli?" Mama Mwende akauliza.

"Njoo uone geti," akajibiwa.

Jumatatu Mwende akaja. Alikuja na sanduku. Mama yake alikuwa ameazima la jirani, la bati, likiwa na daftari mbili na kalamu ndani, na mtoto akalibeba kichwani akiuzunguka uwanja mpaka geti la nyuma. Watoto wengine walimcheka siku nzima. "We Mwende, utalala wapi, juu ya dawati?" Mwalimu Mkuu alilipokea sanduku kwa mikono miwili, akaliweka ofisini kama mzigo wa bweni, na jioni akamrudishia.

Katikati ya mwaka ule ikaja barua. Shule zenye Gredi ya Saba isiyotimiza idadi zingefungwa upande huo, na watoto wahamishiwe shule ya karibu. Kwetu sisi shule ya karibu iko ng'ambo ya barabara kuu. Kila mzazi wa mtoni alijua maana yake: watoto wao, wanaotembea kwa miguu, wavuke barabara ile ya malori asubuhi na jioni. Afisa angekuja kuhesabu vichwa baada ya wiki tatu.

Mwalimu Mkuu alihesabu kwanza. Tulipungukiwa na watoto watatu.

Aliita kikao cha dharura. Wajumbe tulikuwa kumi na mmoja mezani, na katika nyumba zetu kulikuwa na watoto wanne wa Gredi ya Saba, wote akademi. Kila mtu aliijua hesabu hiyo na hakuna aliyeitaja. Mwenyekiti alilaumu serikali. Mweka hazina alilaumu wazazi wa siku hizi. Niliufungua mkutano kwa maombi, nikamsihi Mungu atupe watoto watatu tu, yeye aliyelisha umati mkubwa kwa mikate michache. Nilimsihi kwa machozi, na machozi hayakuwa ya uongo. Hapo ndipo ninapojishangaa mpaka leo. Nilikuwa nikimwomba Mungu mtoto, na mtoto alikuwa nyumbani kwangu akila chapati.

Baada ya amina nikapata wazo. Nikasema siku ya afisa tuwaazime watoto wachache wa shule ya Jumapili, wa umri unaofaa, wavae kijani, wakae darasani asubuhi ile moja. Sikuliona kuwa uongo. Niliona ni kusukuma kidogo mlango ambao Mungu alikuwa ameshaufungua. Wajumbe waliguna kwa kukubali. Mwenyekiti akasema, "Hilo ni wazo la busara."

Mwalimu Mkuu aliweka kalamu chini.

"Mzee, hao watoto wana majina?"

"Wanayo, Mwalimu."

"Nitajie."

Nikawataja. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne nilipomfikia, nikaanza kuikunja karatasi ya ajenda.

"Wa nne ni Mutheu," akasema yeye, bila kupandisha sauti. "Mjukuu wako. Unaweza kuniazima kwa asubuhi moja?"

Mweka hazina aligundua kuwa kikombe chake kina kitu cha kutazama.

"Na umetoka tu kuomba, Mzee," akaongeza. "Hata chai haijapoa."

Siku ya afisa darasa lilikuwa safi, na watoto waliokuwemo walikuwa wetu kweli. Afisa alikuwa kijana mpole. Alihesabu mara mbili, akitamani kwa macho kwamba mara ya pili itakuwa tofauti. Akamuuliza Mwalimu Mkuu kama kuna walio wagonjwa, mlango ambao mtu mwingine angeupitia mbio.

"Hakuna mgonjwa," akasema Mwalimu Mkuu. "Wote wamekuja."

Muhula uliofuata Gredi ya Saba ikavushwa barabara. Walimu wao wakaenda nao. Mama Mwende akaanza kumsindikiza binti yake kila asubuhi mpaka ng'ambo, kisha anarudi kuanza kufua, ndiyo maana nguo za watu zilianza kuchelewa, na wenye nguo wakaanza kulalamika. Mke wa mwanangu alikuwa mmoja wao. Mwalimu Mkuu alimaliza mwaka wake wa mwisho kwa suti ile ile ya kijivu, akaagwa kwa keki, na mimi nikaombwa kufunga hafla kwa maombi. Niliomba kwa maneno machache kuliko siku zote. Watu walidhani naumwa.

Mwaka jana kanisa lilinituma Kithyoko kwenye mkutano wa siku tatu. Siku ya pili ilikuwa ya soko, nikatoka kidogo kunyoosha miguu, na mbele ya meza ya samaki wa bwawani nikasikia sauti ninayoijua.

"Aiya! Mzee wa maombi marefu!"

Alikuwa amekonda na jua limemkolea, na alikuwa anabishana na muuza samaki kuhusu ukubwa wa perege. Ana shamba dogo karibu na pale. Tukaulizana hali, nyumba, mvua. Akaniuliza habari za Mwende, nikamwambia yuko Gredi ya Tisa na bado anavuka. Akafurahi. Hakuuliza habari za Mutheu, na mimi nikaona nisipolisema lile neno pale, nitakwenda nalo kaburini.

"Mwalimu Mkuu, niko na neno."

"Sema. Lakini usifumbe macho, tuko sokoni."

"Tulikosa watoto watatu. Mmoja alikuwa kwangu. Ningemleta."

"Ungemleta ahesabiwe?"

"Ndiyo. Tungeokoa darasa."

Aligeuza samaki upande wa pili, akamtazama mashavu.

"Wale wa kuhesabiwa ungenipa, najua. Hata kwa kuazima ungenipa," akasema, na akatabasamu kidogo, bila uchungu. "Mimi sikuwa natafuta hao. Nilipita kwako kila Jumamosi nikisema labda leo Mzee ataona hii shule inamfaa mjukuu wake. Mtaa wote ulikuwa unakuangalia wewe na wenzako. Wewe ndiye uliyeketi kwenye bodi."

Nilikubali. Halafu, kwa ujinga ambao Mungu huwaachia hata wazee, nikamuuliza, "Na ilikuwa inafaa?"

Aliniangalia. Muuza samaki naye akaniangalia.

"Mzee, miaka hiyo yote, ulishaingia darasa gani?"

Nikatafuta. Niliijua ofisi. Nilikijua kiti changu, chenye ngozi iliyopasuka, na kikombe changu, na njia ya kutoka mlangoni hadi kwenye kiti. Madirisha ya madarasa niliyajua kwa nje, nikipita.

"Hakuna," nikasema.

"Basi usiniulize mimi. Nenda ukakae." Akamlipa muuza samaki, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, na akaenda zake kwa mwendo ule ule wa haraka.

Nikaenda. Jumatatu iliyofuata, bila barua wala mwaliko, nilimwomba mwalimu kijana wa Gredi ya Sita aniruhusu nikae nyuma. Watoto wakasogea, nikabana magoti chini ya dawati. Walikuwa wanapima shamba lililochorwa ubaoni. Msichana mmoja alisimama kueleza, akakosea, mwenzake akampinga, wakabishana kwa adabu huku mwalimu amenyamaza, mpaka wenyewe wakapata jibu na darasa zima likapiga makofi. Aliyekuwa pembeni yangu alinisogezea daftari lake ili nami nione, akaninong'oneza, "Umeelewa, Umau?" Umau ndilo jina tunalomwitia babu. Nikamwambia nimeelewa.

Nilikaa mpaka kengele. Ilikuwa inafaa. Ilikuwa inafaa tangu siku ya kwanza nilipokunywa chai yao.

Nawe uliyenivumilia mpaka hapa, Mungu akubariki, aibariki nyumba yako na watoto wanaotoka humo asubuhi. Akulinde, Mwalimu wa namna hii akipita mlangoni pako, usije ukamkaribisha chai tu. Na akujalie kukiona kilicho chema kingali mtaani kwako, mapema kuliko alivyonijalia mimi. Amina.